Zedekia Ogada, Aliyeunda Garimoshi kwa Kamba

Wazee wa kanisa, majirani wa Njoro, wenzake wa reli mliobaki, na nyinyi mliopanda kilima kwa mguu na kwa piki, mnaombwa mkae, na wale wa tenti ya nyuma wapunguze maongezi kidogo, maana marehemu hakuwa mtu wa kelele, na historia yake si ndefu kama mnavyoogopa.

Mzee Zedekia Ogada alizaliwa tarehe 12 Machi 1949, katika landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, mjini Nakuru, chumba namba kumi na saba, akiwa mtoto wa tatu na mwanamume wa kwanza wa marehemu Yona Ogada na marehemu Mama Dorka, waliotoka Ugenya kufuata kazi. Baba yake alikuwa fayamani wa garimoshi, yaani mtu anayesimama nyuma ya boila, analisha moto na kuchunga maji, na kazi hiyo ya pili ndiyo kubwa, kwa sababu juu ya moto kuna paa la chuma ambalo lazima lifunikwe na maji kila wakati, na katika paa hilo kuna kizibo cha risasi, maji yakiondoka risasi inayeyuka, mvuke unamwagika motoni, moto unazimika na gari linasimama, na fayamani hayaoni maji yenyewe, anayaona tu kwa kioo kidogo kilicho mbele ya uso wake.

Tarehe 14 Agosti 1958, Zedekia akiwa na miaka tisa, gari la baba yake lilipanda kutoka Nakuru, likapita hapa Njoro, likapita Elburgon na Molo, likafika kileleni Mau Summit, na lilipoanza tu kuinamisha pua kuteremka upande wa pili, risasi ikayeyuka, mvuke ukalipuka, dereva akaungua mikono yote miwili, na gari likakaa pale porini mpaka jioni. Mkubwa mmoja aliandika kwamba fayamani alilala. Yona Ogada alisema hakulala, alisema kioo kilionyesha maji yamepita nusu, akaulizwa kama kioo kina mdomo, na kabla ya wiki kwisha alikuwa hana kazi, akabaki mjini akipasua kuni za watu.

Siku aliyorudi kwa miguu kutoka stesheni, kijana mmoja mgeuza reli aliyeitwa Khisa, mtu wa Bungoma aliyekuwa amejifunza Kijaluo cha kutania kwa wauza samaki, alimwona akasema, "Nindo huyo anakuja, msimwamshe," na kwa wasiojua, nindo ni usingizi. Neno dogo kama kiroboto, na kama kiroboto halikutoka kwenye nguo za nyumba hiyo kwa miaka sitini na minne. Mama Dorka akawa mke wa Nindo, watoto wakawa wa Nindo, na Yona Ogada alipofariki mwaka 1971, msalaba wake uliandikwa jina na tarehe, kazi haikuandikwa, kwa sababu familia iliona haya.

Zedekia alisoma shule ya msingi ya watoto wa landhi kuanzia 1956, na baada ya mkasa ule mwalimu akimwambia kila asubuhi, "Wewe wa Nindo, kaa mbele nikuone macho," akakaa mbele, akawa wa kwanza kwa hesabu na wa mwisho kwa Kiingereza mpaka alipomaliza mwaka 1964, na tarehe 3 Januari 1967 aliajiriwa katika banda la injini la Nakuru kama msaidizi wa kufuta mafuta, akapanda hadi kuwa fita, fundi wa kuunga mitambo, mwaka 1972. Wenzake wanasema alikuwa na mkono wa pekee, anaweka kiganja juu ya chuma kinachozunguka na kukwambia kinaumwa wapi, na wanasema pia kwamba katika miaka yote hiyo, hata mtu akimwita Nindo mdogo mbele ya watu, hakurudisha neno. Wengine walidhani ni upole. Haukuwa upole, alikuwa anangoja.

Tarehe 7 Desemba 1974 alifunga ndoa na Jeruto, binti wa Olenguruone, aliyekuwa akiteremka kuuza viazi na maziwa karibu na stesheni, msichana wa darasa la pili na mdomo wa chuo kikuu. Baba yake Jeruto aliuliza, "Mjaluo wa reli atamweka binti yangu wapi, ndani ya behewa?" na Zedekia akajibu kwamba behewa lina paa zuri kuliko la boma hilo, jibu lililomfanya mzee acheke, na ng'ombe wakakubaliwa. Walijaliwa watoto wawili, Becky aliyezaliwa 1976, ambaye ndiye anayewasomea haya, na Yona aliyezaliwa 1979 na kupewa jina la babu yake, jina ambalo ndugu wengine walisema liachwe lipumzike, Zedekia akasema halijachoka.

Mwaka huo wa 1979 injini za mvuke zilikuwa zinakufa, dizeli zimechukua kazi, na katika banda la Nakuru kulikuwa na injini moja ya aina ileile aliyoilisha baba yake, imepangwa kukatwakatwa kuwa chuma chakavu. Zedekia aliipima yote. Hakuipima kwa futi ya chuma, kwa sababu futi ilikuwa mali ya banda na ukionekana umeishika saa za chai unaulizwa, aliipima kwa kamba ya katani, kwa sababu kamba haina mwenyewe, anakata kamba urefu wa gurudumu, anafunga fundo kila mwisho, anaweka mfukoni, kesho anakata ya bomba la moshi, na siku walipoipasua boila kwa moto wa gesi, aliingia ndani kabla haijapoa, akapima kutoka paa la tanuri mpaka mgongo wa boila. Zilikuwa kamba mia mbili na kumi na moja, kila moja na kipande cha bati kilichoandikwa kwa msumari, nyeusi kwa grisi, akazifungia ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda cha ndoa, na Jeruto alipouliza ni za nini, akajibiwa, "Ni za baadaye."

Baadaye hiyo ilichukua miaka thelathini. Alistaafu tarehe 31 Machi 2004, wakahamia hapa Njoro, akalima viazi kama mtu anayelipiza kisasi kwa viazi, na mwezi Mei 2009 mama yake Dorka alifariki. Katika mazishi hayo Mzee Khisa, ambaye naye alikuwa amestaafu na kujenga upande ule wa reli, alisimama kutoa rambirambi kwa nia njema kabisa, akasema, "Tumempoteza mke wa rafiki yetu Nindo," na watu wakacheka, kicheko kile kidogo cha matanga, bila ubaya. Zedekia hakucheka. Kesho yake asubuhi alivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akagongelea misumari mia mbili na kumi na moja kwenye ukuta wa stoo, akatundika kila kamba kwa msumari wake, akamwambia mkewe kwamba atatengeneza injini ile, kila futi moja iwe inchi moja, kila kitu mahali pake, itembee kwa moto na maji, kisha ataipandisha kilima na kuiteremsha aone kama risasi itayeyuka. Mkewe akamuuliza, "Na ikiwa baba yako alilala kweli?" Akasema, "Basi nitajua alilala, na nitaacha kununa."

Miaka kumi na mitatu, ndugu zangu. Boila aliikunja kutoka shaba ya geza kuukuu la kuchemshia maji la nyumba moja ya Milimani, magurudumu aliyamimina mwenyewe kwa mchanga wa mto Njoro na alumini ya sufuria, sufuria nyingine zikiwa bado na mwenyewe jikoni, ribiti za kushikia mabati ya tangi zilikuwa misumari ya fundi viatu, elfu moja mia nne, aliyokata vichwa na kuvipanga kimoja kimoja kwa kibano cha nyusi cha Becky, taa ya mbele ilikuwa kioo cha tochi, na kizibo cha risasi kilitoka kwenye betri ya gari iliyokufa. Kabiru wa kuchomelea, aliye hapa leo na shati jipya, alimpa gesi na kona ya banda lake, na anasema mzee alikuwa akileta kipande, anakichomea, anakitazama, anasema, "Hii si ya kweli," anakikata tena, mpaka Kabiru akamwambia, "Mzee, hata Mungu aliumba kwa siku sita." Akajibu kwamba inaonekana. Vijana wa boda wakimpita na gurudumu begani wakipiga kelele, "Niaje, mzee wa gari moshi, tutapanda lini?" na yeye akawaambia tiketi zimeisha.

Jeruto aliona ujinga. Lisemwe hivyo hapa kwa sababu kila mtu anajua, alisema mbele ya watu kwamba mwanamume mwenye paa linalovuja anaezeka nyumba ya chuma ya urefu wa mbuzi, na alisema pia kwamba wafu hawasomi majibu. Na mwaka 2016, alipoletewa jogoo na dada yake kutoka Olenguruone na akakosa kamba ya kumfungia, aliingia stoo akachukua ya kwanza iliyokuwa karibu na mlango, jogoo akajikaba nayo, ikabidi akate kwa kisu, kisha akaunganisha vipande viwili kwa fundo zuri la kike, akairudisha kwenye msumari wake, akamchinja jogoo, na akasahau.

Marehemu aligunduliwa kuwa na kisukari mwaka 2015, kikaanza na macho, na mwaka 2017 alipoanza kuunda boila, alikuwa anasoma kamba kwa vidole zaidi ya kwa macho, na fundo moja katikati ya mafundo mengi halikumshtua. Boila ilikwisha. Injini ilikwisha Desemba 2021, ndefu kama kitanda cha mtoto, nyeusi, na jina la mtengenezaji halikuandikwa popote. Alilaza reli kwenye ubao mrefu, akauinua kwa kipimo cha mlima wa Mau kisha ukateremka vivyo hivyo, akawasha moto, injini ikapanda, ikaanza kuteremka, na risasi ikayeyuka pale pale ilipoyeyukia ya baba yake. Zedekia alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu nusu saa. Kisha akamtuma Kabiru kwa Mzee Khisa, aje Jumamosi tarehe 15 Januari 2022, ajionee mwenyewe, na aje na wazee wengine wa landhi waliobaki.

Siku moja kabla, Jeruto alikwenda stoo kutafuta ungo, akaiona ile kamba na fundo lake la katikati, akaishika, akasoma bati lililoning'inia, na kwa kuwa darasa la pili linatosha kusoma maneno matatu, akasoma, PAA HADI MGONGO. Jogoo akafufuka. Huyu mwanamke si mtakatifu, alikaa na jambo hilo kutoka chai ya saa nne mpaka ugali wa mchana, na aliliona wazi, kwamba akinyamaza mumewe atashinda kesho mbele ya wazee wote, na neno nindo litakufa, na hakuna mtu duniani atakayejua isipokuwa yeye na kuku. Lakini alijua pia ameishi na mtu wa aina gani. Alimwita, akaiweka kamba mezani, akasema, "Baba Becky, hii nilifungia jogoo, nikakata, nikaunga. Fundo limekula vidole viwili."

Zedekia alifungua fundo lile kwa meno, akalaza vipande viwili kichwa kwa kichwa, akapima. Vidole viwili kweli. Kwa injini yake ndogo ilikuwa unene wa punje ya mahindi, lakini punje hiyo ilikuwa imeliinua paa la tanuri karibu na mgongo wa boila, na paa likiwa juu linaachwa na maji upesi, yaani kosa lile lilikuwa linamtetea baba yake. Jeruto akamwambia, "Ni punje tu, nani ataona?" maana hata mtu anayetubu huwa anajaribu bei. Naye akasema, "Mama Becky, baba yangu alifukuzwa kwa maji ya kimo hicho hicho. Siwezi kumtoa kwa uwongo wa jogoo." Hakumgombeza. Angegombeza ingekuwa afadhali. Alimwambia Kabiru akawaambie wazee wasije, na mji mzima ukajua kwamba mwana wa Nindo naye amelala, ndivyo walivyosema, naye Zedekia akakata boila ya shaba aliyoitengeneza kwa miaka mitano, akaanza upya.

Hiyo ndiyo miezi kumi ambayo familia hii inajivunia kuliko zote. Figo zilikuwa zimeanza kukataa, mara mbili kwa wiki anateremka Nakuru kusafishwa damu, anarudi amekwisha kama nguo iliyokamuliwa, analala saa moja, anaamka anashika tupa. Jicho la kushoto lilimwacha kabisa. Jeruto, aliyeona ujinga, alikuwa anamshikia taa na kumsomea kamba, bati kwa bati, na asiposoma vizuri anaambiwa arudie, mwanafunzi wa darasa la pili akiwa na miaka sitini na minane. Na hakuna aliyejua boila mpya ingesema nini. Zedekia mwenyewe hakuijaribu kwanza, alikataa, alisema akiijaribu peke yake na ikamkatalia, anaweza kujikuta hajamwita Khisa.

Jumamosi tarehe 19 Novemba 2022, saa tano asubuhi, wazee wanane walikaa katika uwanja huu mlimokaa, Mzee Khisa mbele kwa kiti cha plastiki, fimbo katikati ya magoti, miaka themanini na sita, akasema, "Zeddy, mimi nilikuwa natania tu, sikujua utatengeneza reli nzima." Zedekia akamwomba ashike lenzi na asome kioo kwa sauti, kwa kuwa yeye haoni. Moto ukawashwa, mvuke ukapanda, injini ikaanza kupanda ubao ikikohoa kama mtu mzima, na Mzee Khisa akasoma, "Nusu. Imepita nusu. Imepita nusu bado," na ikafika juu, ikainamisha pua, na Mzee Khisa akasema, "Maji yameenda wapi?" Kioo kilikuwa kitupu. Maji yote yalikuwa yamekimbilia mbele, kama uji kwenye sufuria iliyoinamishwa, na pale nyuma paa la tanuri limebaki wazi. Watu walisikia mlio mfupi kama wa kupenga kamasi, mvuke ukatoka kwa mlango wa moto, na injini ikasimama.

Wazee wakapiga makofi. Zedekia akawanyamazisha, akaweka risasi mpya, akasema bado, akajaza maji zaidi kabla ya kufika juu, akaipandisha tena, ikavuka, ikateremka, risasi haikuyeyuka. Kisha akasema maneno ambayo tumeyaandika kama alivyoyasema, "Fayamani wa huku alijua aongeze maji kabla ya kilele, lakini baba yangu miaka yote alitumwa reli ya tambarare ya ziwani, sisi tukibaki landhi, na mlimani huku alikuwa na wiki mbili tu, hakuna aliyemwambia, aliamini kioo. Alikosa. Hakulala." Mzee Khisa alisimama, ikamchukua muda, na huyu mgeuza reli aliyegeuza jina la nyumba nzima alivua kofia akasema, "Yona Ogada hakulala. Mimi ndiye niliyelala, miaka sitini na minne, na hakuna aliyeniamsha," akaingia nyumbani akanywa chai, na Jeruto akamwekea sukari ya kutosha, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia.

Jumapili iliyofuata Mzee Khisa alilisema tena kanisani bila kuombwa, na Januari 2023 Zedekia alikwenda na Yona mdogo makaburini Nakuru, wakauondoa msalaba wa zamani na kuweka mwingine, umeandikwa YONA OGADA, FAYAMANI.

Baada ya hapo ugonjwa haukuwa na wa kushindana naye. Alilazwa hospitali mjini Nakuru mwezi Mei 2024, akatoka, akalazwa tena Agosti, na Jumatatu tarehe 9 Septemba 2024, saa nne asubuhi, akiwa amemaliza nusu kikombe cha uji na kulalamika kwamba hauna ndimu, alitutoka, akiwa na miaka sabini na mitano. Wazee kutoka Ugenya walitaka azikwe kule, wakakaa na familia, wakaonyeshwa wosia, wakanywa chai, wakakubali, na tunawashukuru kwa kukubali upesi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kusafisha damu, hasa yule dada aliyemruhusu kuingia na tupa ndani ya koti, majirani mliovumilia moshi na kelele za chuma miaka kumi na mitatu na kulalamika mara chache tu, Kabiru kwa gesi na kwa kona yake, wenzake wa banda la injini mliokuja na kofia za zamani, kanisa, vijana wa boda mliobeba maji tangu alfajiri, na Mzee Khisa, aliyekataa kukaa tenti ya wageni na ambaye leo atabeba msalaba. Mkewe amesema hana la kuongeza, halafu ameongeza, kwamba katika miaka hamsini kasoro miezi mitatu hakuwahi kuona mwanamume akibomoa ushindi wake mwenyewe kwa mikono yake, na kwamba angeolewa naye tena, ila angeficha kamba.

Pumzika kwa amani, Zedekia mwana wa Yona fayamani. Lala. Katika nyumba hii kulala si tusi tena.